Kijiti Kilichoanguka Ndani ya Selo

Wanaosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hawajawahi kumwona Gundi. Yeye aliyaficha miaka miwili, tena mbele ya shangazi yake, mwanamke anayejua nani mtaani kabadilisha pazia kabla pazia lenyewe halijatundikwa. Hata mwanaume mwenyewe aliyependwa hakuwa na hakika kwamba anapendwa. Mara tatu alimwuliza kama atakubali waoane, na mara tatu Gundi alimjibu, "Nipe muda," kisha akaenda chooni kulia, akanawa uso, akarudi kazini kwake.

Jina la Gundi alipewa utotoni, kwa sababu hakubanduka kwa baba yake. Mzee alikuwa fundi wa ala za nyuzi, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mtoto alishinda chini ya meza ya kazi, jioni anatoka na maranda ya mbao kichwani na gundi kwenye nywele, mama yake, Mungu amrehemu, akichukua mkasi huku akilalamika. Sasa Gundi alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ni fundi kamili, na kila fidla, gitaa au selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, iliyoharibika katika mji ule ilipita mikononi mwake na mwa baba yake.

Mwanaume huyo alikuwa mpiga selo. Asubuhi alifundisha muziki shuleni, mwisho wa wiki alipiga ukumbini na wenzake thelathini. Mtaani walimwita Mrefu, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Siku ya kwanza alipoingia karakana alijigonga kwenye kizingiti cha juu, akaomba radhi kwa mlango, halafu akasema selo yake inanuna na lazima kosa ni la nyuzi, maana sauti hutoka kwenye nyuzi.

Gundi hakuvumilia. Alichukua ubao, akapiga misumari miwili, akakaza uzi wa selo katikati, akaudonoa kwa kidole.

"Sikia. Mbu ana sauti kubwa kuliko hiyo."

Akamweleza, kwa ukali kidogo, kwamba uzi hufanya kazi moja tu ya kutetemeka. Daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, huuchukua mtetemo na kuupeleka ubao wa mbele. Ndani ya tumbo la selo husimama kijiti kimoja, kinene kama kidole, kinachouvusha mtetemo hadi ubao wa nyuma. Mbao zote mbili zikitetemeka, hewa iliyomo ndani husukumwa nje kupitia yale matundu mawili. Hiyo ndiyo sauti ambayo wapigaji hujivunia wakidhani ni yao.

Mrefu aliuliza kijiti hicho kimegundishwa kwa gundi gani.

"Hakigundishwi. Kimebanwa tu. Nyuzi zikikazwa, daraja linakandamiza ubao, ubao unakibana kijiti. Ndiyo maana nyuzi tunabadilisha mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja kinaanguka, na ukizikaza tena bila kijiti, ubao wa mbele unaweza kuzama hata ukapasuka."

Alipoinua macho alikuta Mrefu hatazami kijiti wala daraja. Alikuwa anamtazama yeye, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesahau amefuata nini dukani. Gundi aliona haya, akamwambia arudi Alhamisi. Akarudi Alhamisi, na Alhamisi nyingine, na selo ile ikawa inaumwa kila juma kuliko mgonjwa wa kisukari.

Sasa basi, kama alimpenda, kwa nini alimzungusha? Tuseme ukweli. Mzee alikuwa amepoteza usikivu. Hakuwa kiziwi kabisa. Sauti nzito alizipata, na ukimtazama usoni ukisema pole pole alikuelewa. Lakini sauti nyembamba zilimwacha moja baada ya nyingine, na fundi wa ala asiyesikia nyembamba ni sawa na mpishi asiyeonja chumvi. Hakumwambia mtu. Nyuzi alizikaza kwa kutazama mashine ndogo yenye sindano, inayoonyesha kama sauti imepanda au imeshuka. Ikifika saa nane anapojilaza kidogo, Gundi alichukua kila ala iliyopita mkononi mwa baba yake, akaipiga, akasogeza kijiti hapa, akasugua daraja pale, akairudisha mahali pake. Wateja wakaendelea kusema mkono wa mzee haujazeeka. Gundi akiolewa, akaondoka, nani angerudia kazi ile saa nane? Ndani ya mwezi mmoja heshima ya miaka arobaini ingekwisha, na mzee angejua kwamba alikuwa anabebwa. Hilo Gundi hakuweza kumwambia Mrefu, kwa maana aibu ya baba si habari ya kumpa mtu wa nje. Funika kombe mwanaharamu apite, na kombe hilo alilifunika kwa furaha yake mwenyewe.

Mrefu alipochoka kuambiwa "nipe muda," alifanya jambo ambalo wanaume wengi huliogopa: alikwenda kwa mzee mwenyewe. Mzee alimsikiliza akimtazama midomo, akasema hana chuki naye, ila wapigaji ni watu wa safari, leo ukumbi huu, kesho ule, na binti yake si begi. Mwisho akampa sharti. Alete selo yake Ijumaa, mzee mwenyewe aisafishe na kuiwekea nyuzi mpya, kisha Jumamosi aje apige mbele yake.

"Mtu akipiga namjua," alisema. "Mwongo hupiga kiuongo. Nikiridhika nitakupa jibu."

Gundi aliposikia hayo alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa yote ya kicheko. Baba yake angesikiliza nini?

Jumamosi asubuhi mzee alimkataza asiguse selo ile. Shangazi, dada yake mzee aliyeishi nao tangu awe mjane, alinong'ona kwamba kaka yake amenyoa ndevu mara mbili na hajala, utafikiri anayeposwa ni yeye. Akaongeza kwamba hamwelewi mwanaume anayebeba mgongoni chombo kikubwa kuliko mke, lakini angalau atakuwa amezoea mzigo. Gundi alitumwa kupeleka magitaa mawili shuleni. Huko akacheleweshwa, na aliporudi, akiwa anakaribia kukimbia, alimkuta Mrefu amefika mlangoni, kavaa shati lililopigwa pasi upande mmoja vizuri kuliko mwingine.

"Umependeza," Gundi alimwambia kabla hajajizuia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno kama hilo, na Mrefu alijigonga tena kizingitini.

Ndani, selo ilikuwa imeegemezwa kwenye kiti, nyuzi mpya zinang'aa, mbao zimesuguliwa hadi unaweza kujitazama. Mzee aliketi kwenye kiti chake cha kazi, mikono magotini, kanuna kwa wasiwasi. Shangazi alileta chai, akaketi pembeni na kikombe ambacho hakukinywa. Mrefu alisalimia, akaulizwa habari za wazazi, akajibu kwa adabu, kisha mzee akaelekeza kidole kwenye selo.

Mrefu akaiinua.

Ko, ko, ko. Kitu kidogo kilibingirika ndani ya tumbo la selo, kikagonga ubavu, kikatulia. Shangazi alisikia, akageuza shingo. Gundi alisikia, na damu ikamwishia usoni. Mzee alibaki ametulia vile vile, anasubiri muziki.

Kijiti kilikuwa kimeanguka. Gundi alielewa yote mara moja, kama mtu aliyeonyeshwa. Baba yake alitaka kuisafisha selo ya mkwe mtarajiwa kuliko alivyowahi kusafisha selo yoyote. Ili afike chini ya daraja, alitoa nyuzi zote nne kwa pamoja. Kosa alilolikemea miaka arobaini, kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza, alilifanya kwa sababu mkono ulikuwa unafikiria binti yake anayeondoka. Selo ilikuwa imelala juu ya blanketi. Kijiti kikaanguka, kikasema kimeanguka, naye hakusikia. Akakaza nyuzi zote kwa kufuata sindano ya mashine. Na sasa ubao wa mbele ulikuwa unabeba mzigo wote bila mhimili.

Mrefu alimtazama Gundi. Alimtazama mzee, akamtazama Gundi tena, na Gundi akaona ufahamu ukimfika taratibu: Alhamisi zote zile, saa nane zile, "nipe muda" zile tatu. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Kulikuwa na huruma, na nyuma ya huruma kitu kilichomfanya Gundi atake kuvuka chumba kile na kumshika mkono mbele ya watu. Badala yake alitikisa kichwa, kidogo sana. Usiseme.

Na Mrefu hakusema. Aliketi, akaikumbatia selo, halafu taratibu akaanza kulegeza vigingi vya nyuzi, kimoja baada ya kingine, ili ubao usizame.

"Unafanya nini?" mzee aliuliza. "Hizo nimezikaza asubuhi hii mwenyewe."

Mrefu aliinua uso ili midomo yake ionekane, na Gundi akajua kwamba analifanya hilo makusudi. "Naomba unisamehe, mzee. Leo sitaweza kupiga. Sikujiandaa."

Shangazi aliweka kikombe chini. Mzee alimtazama kijana yule, uso ukifunga.

"Hukujiandaa. Umekuja kumwomba binti yangu, na hukujiandaa."

"Ndiyo, mzee."

"Basi chukua chombo chako uende. Nilikuwa naogopa utamchukua umpeleke mbali. Kumbe hata kumchukua huwezi."

Mrefu alisimama, akaishika selo wima kwa mikono yote miwili ili kijiti kisibingirike, akatoa shukrani kwa chai ambayo hakuinywa, akageuka. Gundi aliutazama mgongo ule mrefu ukielekea mlangoni. Alijua kwamba akivuka kizingiti hatarudi, si kwa chuki, ila kwa heshima, kwa kuwa Gundi mwenyewe ndiye aliyemwomba anyamaze. Angemlindia mzee siri hiyo mpaka kaburini. Na yeye Gundi angebaki hapa, kila siku saa nane, akisogeza vijiti, mpaka nywele zimwishe.

"Simama," alisema.

Mrefu akasimama. Gundi aliichukua selo mikononi mwake, akaigeuza, akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake. Alimshika mkono wa kulia, ule mkono wenye kovu la patasi, akaulaza kiganja kwenye ubao wa nyuma. Kisha akaiinamisha selo upande huu, akairudisha upande ule.

Kijiti kilibingirika chini ya kiganja cha mzee. Kikaenda, kikarudi.

Mzee hakuhitaji kuelezwa. Alifumba macho. Mkono ulibaki palepale, na alipokuja kuongea sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimetoa nyuzi zote."

"Ndiyo, baba."

"Kilipoanguka kilipiga kelele?"

"Sikuwepo. Lakini lazima kilipiga."

Aligeuza uso kwa Mrefu. "Na huyu alisikia alipoinua."

"Alisikia. Mimi ndiye niliyemkataza kusema. Amekubali umfukuze ili wewe usiaibike." Hapo Gundi hakujali tena nani anasikia. "Baba, nampenda. Nampenda miaka miwili. Nimemkatalia mara tatu kwa ajili ya masikio yako."

Mzee alimtazama binti yake kama anayesoma maandishi madogo. Akamwuliza tangu lini anajua. Gundi akamwambia miaka mitatu, akamwambia pia kuhusu saa nane, kila saa nane, akitegemea kwamba hilo ndilo litakalomuua. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilikuwa sijilazi," alisema. "Nilikuwa nakwenda chumbani makusudi, ili upate nafasi. Nilidhani hujui kwamba najua."

Shangazi alishindwa kuvumilia. Alisema amechoka kuishi na watu wawili wanaofichana kitu ambacho mtaa mzima unakijua. Redio ya mzee majirani wanaitumia wote. Yule wa nyumba ya nne ameuza ya kwake. "Mficha uchi hazai," alimalizia, akanywa chai yake iliyopoa kwa mkupuo mmoja.

Mzee alicheka. Kicheko kilianza mabegani, kikapanda, na Gundi, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, alicheka na kulia kwa pamoja kwenye goti la baba yake. Mrefu alibaki mlangoni, hajui kama amefukuzwa bado.

"Wewe," mzee alimwambia. "Funga mlango, uje ushike taa."

Wakakaa watatu kwenye selo ile. Gundi aliitikisa selo mpaka kijiti kikatokea tunduni, akakichoma kwenye ncha ya chuma kirefu kilichopinda, akakiingiza tena kupitia tundu la ubao wa mbele. Mrefu alimulika. Mzee aliweka viganja viwili mgongoni mwa selo, macho kafumba, akaelekeza: kushoto kidogo, umezidi, rudi, hapo. Nyuso za Gundi na Mrefu zilikuwa karibu mno juu ya tundu lile dogo, pumzi zao zinagusana, na taa ilikuwa inatetemeka kidogo.

"Shika taa vizuri," Gundi alinong'ona.

"Nimeishika vizuri. Kinachotetemeka ni mimi."

Nyuzi zilipokazwa, Mrefu aliomba ruhusa ya kusema jambo la kipuuzi. Alikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana asiyesikia, aliyemfundisha yeye mwalimu wake jambo. Alichukua rula ya mbao mezani, akaifuta kwa shati, akampa mzee.

"Uma ncha hii, mzee. Ile nyingine iguse selo, hapa karibu na daraja. Mtetemo utapita menoni na kwenye mfupa wa kichwa. Wakati mwingine mfupa husikia ambacho sikio limekataa."

"Unataka nile mbao?"

"Ni ya mti mzuri, mzee."

Mzee alinung'unika kwamba katika maisha yake ameifanya mbao kuwa kila kitu isipokuwa chakula. Akauma. Mrefu akaketi, akapaka ulimbo kwenye upinde wake wa kupigia, akavuta uzi mzito wa chini kwanza, taratibu. Kisha akapanda wa pili, wa tatu. Alipogusa wa nne, ule mwembamba, na kuivuta sauti ndefu juu kabisa ya shingo ya selo, mzee aliacha kupumua. Machozi yalimtiririka hadi kwenye rula, na hakuyafuta. Hakuna aliyemwangalia moja kwa moja. Hata shangazi alijifanya anakusanya vikombe.

Mrefu alipiga kwa muda. Sijui kama alipiga vizuri kuliko siku nyingine, lakini Gundi aliyeketi sakafuni aliamua kwamba hajasikia kitu kizuri kama hicho na hatasikia.

Alipomaliza, mzee alitoa rula mdomoni.

"Uzi wa tatu unakoroma kidogo," alisema.

"Kweli, mzee," Mrefu alikubali. "Unakoroma."

"Gundi atarekebisha Jumatatu. Kuanzia Jumatatu vijiti anasimamisha yeye, na wateja nitawaambia mwenyewe. Mimi nitabaki na mbao na gundi." Kisha akamgeukia Mrefu, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Nilisema mtu akipiga namjua. Wewe nimekujua kabla hujapiga. Umekubali kudharauliwa nyumbani mwangu ili mimi nisidharaulike. Kijana, ndoa ni kama kijiti hiki, hakina gundi, kimebanwa..."

"Kaka, usianze hotuba," shangazi alimkata. "Mwenyewe hajaulizwa."

Mzee aliafiki kwamba ni kweli. Alisema yeye kwa upande wake ameridhika, hana neno, kilichobaki ni cha wenyewe. Gundi alitaja sharti lake moja kabla ya lolote: ataolewa, lakini kazi hahami, chumba wapange mtaa uleule, na kila asubuhi saa mbili awe mezani kwake. Mrefu alimwambia ameshapeleleza vyumba vitatu tangu mwaka jana, vyote vina milango mifupi. Kisha aliweka upinde chini, akamsogelea, akapiga magoti palepale kwenye maranda ya mbao mpaka macho yao yakalingana.

"Mara ya nne," alisema. "Utaolewa na mimi?"

Gundi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo miaka miwili, na lilipofika alisogeza uso karibu na wa Mrefu. Jibu lilitoka kwa sauti ndogo, ya kumfikia yule mmoja tu aliyekuwa mbele yake. Mrefu akafumba macho.

Mzee alitazama uso mmoja, akatazama mwingine, akainama mbele kitini.

"Amesema nini?" aliuliza. "Mimi sikusikia."

Gundi akamgeukia baba yake, akavuta pumzi, akalisema tena kwa sauti ambayo aliisikia hata yule jirani wa nyumba ya nne.